Ombeni Mbwambo, Aliyeandika "Muuaji wa Roma"

Ndugu waombolezaji, mimi Jacqueline, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya kaka yetu Ombeni Mbwambo, na mnivumilie, maana leo sina maneno matamu.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Mbaga, Upareni, akasoma kwa tabu hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1987 na kufundisha historia, na tarehe 6 Juni 1992 akafunga ndoa na wifi yangu Otilia, yeye Mlutheri, mwenzake Mroma, yaani Mkatoliki, wala hawakujaliwa watoto, jambo ambalo baadhi yenu mlilizungumza kuliko wenyewe.

Alifika Toronto Septemba 2003, vyeti vyake vikakataliwa, akapakia mizigo ya ndege kule Malton kwa zamu, na siku za mapumziko akaandika kwa Kiswahili hadithi ya upelelezi, seneta anauawa katika Roma ya kale wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mtumwa wake anamsaka muuaji. Kitabu kilitoka Novemba 2011. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania, ndugu Samson, aliyekaa hapa mstari wa mbele, alisoma jalada tu, akasimama kwenye sherehe ya Krismasi akatangaza kwamba Mlutheri ametukana Waroma, nanyi mkalibeba neno lake lilivyo. Jamani, vita vile vilipiganwa zaidi ya miaka arobaini kabla Yesu hajazaliwa, huyo Mroma wa kutukanwa angetoka wapi? Mkaacha kumsalimia, wifi akatengwa na ndugu zake, vitabu vikabaki kwenye maboksi.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2015, akafariki dunia tarehe 9 Februari 2017, na muda wote huo alitamani japo mmoja wenu akisome, amwambie anamshuku nani kuwa muuaji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa zamu, na jirani yetu wa Lawrence Heights, Khatijabai, Mwislamu, aliyekisoma chote, akaja hospitali kugombana naye kuhusu muuaji, tukamsikia kaka akicheka. Vitabu vipo mlangoni, chukueni, ila najua hamtavifungua, kwa hiyo mwisho wake nawaambia mimi: seneta aliuawa na yule yule aliyesimama mazishini kumsifu.

Baada yangu ataongea Mwenyekiti.

Kaka, pumzika kwa amani, hiyo ambayo hapa hatukukupa.