Bakuli Lililorudi Limejaa

Tarehe 28 Agosti, Mama Béatrice anavua koti la kazi baada ya miaka kumi na minane katika ghala letu la Whitehall. Alifika Columbus, huku Marekani, akitoka kambi ya wakimbizi Tanzania, akaanza kwa kufunga maboksi, na anaondoka akiwa msimamizi wa zamu ya asubuhi.

Ni mtu wa maswali. Atakuuliza kwa nini umenyoa, kwa nini umebadilisha gari, kwa nini leo umenyamaza. Wageni humwona mdaku. Wakishamzoea, humtafuta wenyewe.

Kila tulipofundishwa usalama, wengi tulibaki na picha moja: hatari ni mgeni mwenye silaha, au watu wanaofokeana. Ndiyo maana bosi mmoja aliwahi kuita walinzi kwa sababu Masumbuko na Nshombo walikuwa wakibishania mpira kwa sauti ya juu ya kwao Bukavu. Mama Béatrice alicheka hadi akakaa chini. Alieleza kwamba wale wawili hurudi nyumbani kwa gari moja.

Kilichomshughulisha yeye ni bakuli. Mume wa Chimène, mwenzetu wa meza ya kufungia, alimletea mkewe chakula mlangoni kila mchana. Kwetu mwanamume wa hivyo husifiwa, nasi tulimsifu sana. Mlinzi Zenoni alimfungulia bila kumuuliza kitu. Mama Béatrice peke yake ndiye aliyejiuliza kwa nini bakuli hurudi limejaa. Akamuuliza Chimène, taratibu, wakiwa wawili tu. Chimène akajibu: “Mama, ile chakula haiko ya kula. Iko ya kunichunga.” Mumewe alikuwa ameapa kumuua siku atakayomwacha, na Chimène alikuwa amepanga kuondoka wiki ile.

Tulizoea kusema mambo ya nyumbani hayaingii kazini. Kumbe yaliingia kila mchana, na sisi ndio tulioyafungulia mlango. Mama Béatrice alimpeleka Chimène ofisini, akasimama pale hadi ikaamriwa kwamba yule bwana asifunguliwe tena. Siku alipokuja na kisu, polisi walimkuta bado yuko nje.

Tumeyasimulia haya kwa ruhusa ya Chimène, ambaye sasa ndiye anayewafundisha usalama wafanyakazi wapya. Asante, Mama Béatrice, kwa udaku wako. Tunakutakia mapumziko marefu, na wajukuu wenye subira ya kujibu maswali. Chakula cha kukuaga amekipika Chimène, na amesema atakuwa wa kwanza kula.