Chapati Inayolia

Mbele yangu kwenye basi walikaa bibi mmoja na mwanawe kinyozi, wakibishania chapati ya Kihindi, ile kavu inayovunjika kama kigae, inayouzwa kwenye mkahawa wa mtaani kwao.

"Mama, wewe nenda nyumbani upumzike. Nitakufungia moja nikuletee," alisema kinyozi.

"Ukiifunga inatoa jasho, inalegea. Vilivyolegea nimekula mwaka mzima."

"Lakini meno yenyewe umewekewa juzi tu. Daktari kasema unywe uji kwanza."

"Daktari bado ana meno yake," alijibu bibi. "Mimi nataka niing'ate ikitoka motoni, ilie, na wa meza ya pili asikie."

Kinyozi aligeuka akanitazama kana kwamba meno hayo nimeyachonga mimi. Nikaona heri niangalie dirishani.

"Haya, na yakivunjika?"

Basi lilikuwa linapunguza mwendo. Bibi alikwisha simama, mkoba kwapani, mkono mmoja umeshika chuma.

"Yakivunjika," alisema, "yatakuwa yamevunjikia kazini."

Basi likasimama, naye akashuka bila kumngoja.