Ndoo za Frizia za Mama Ariane

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, na mwenye cherehani aondoe mguu, mje karibu na redio. Mimi ni Ameir, niko studio hapa Mayfair, Johannesburg. Leo tunamkumbuka Médiatrice, Mrundi, fundi wa mapazia, mkazi wa Joubert Park. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Ariane. Mama Ariane alifariki mwezi wa saba, katikati ya baridi. Kipindi hiki nimekichelewesha, na sababu ni moja tu: nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Nimewakasirikia nyinyi, wasikilizaji wapendwa, na leo mtanisikiliza mpaka mwisho.

Mnamkumbuka kwa sauti yake. Ndiye yule mama aliyekuwa akipiga simu kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, katikati ya salamu na matangazo ya vyumba vya kupanga, kutuambia habari za maua. "Ameir, waambie watu wapande sasa." Nami nawaambia. Nanyi mnapiga simu kucheka. Mmoja aliuliza kama maua hayo yanaliwa. Mwingine akasema Joubert Park wanahitaji taa za ngazi kwanza, maua baadaye. Mama Ariane hakukata simu. Alingoja mmalize kucheka, kisha akasema jambo lake.

Na jambo lake lilikuwa hili. Kabla ya kumwagilia ua, tia kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo umekishika, acha maji yako. Tia kidole kwanza. Alilisema humu, kwenye kipindi hiki hiki, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hakusikia.

Sasa kwa nini maua? Kwa sababu ya Octave, mumewe. Octave alikuwa kinyozi, mtu mpole, anayependa kunukia vizuri hata siku ya kazi. Alifariki wakati wa baridi, miaka michache iliyopita. Siku ya maziko watu wa kanisa walileta maua ya plastiki, kwa nia njema kabisa. Mwezi wa nane mnajua upepo wa Johannesburg. Mama Ariane alipokwenda kutembelea kaburi, aliyakuta maua ya mumewe yamesukumwa kwenye uzio pamoja na mifuko na makopo. Aliniambia hivi: "Mume wangu amewekewa takataka, Ameir. Nitampa kitu kilicho hai."

Basi tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Machipuko yakifika, mwezi wa tisa, kaburi la Octave liwe na maua yaliyo hai, yenye harufu. Kitu kimoja tu, wasikilizaji wapendwa. Sikilizeni jinsi kilivyokuwa kigumu.

Mwaka wa kwanza alingoja mvua. Nani kati yetu asingengoja? Kwao Burundi, mwezi wa tisa mvua ya kwanza ikigusa ardhi, watu wanashika jembe. Mama Ariane akafanya alivyolelewa. Mvua ya hapa ilipoanza, akatoboa ndoo kuukuu za rangi, akajaza udongo, akapanda frizia, maua madogo yenye harufu nzuri. Likaja jua la Krismasi. Vijani vilivyochomoza vikalala, vikakauka, kwisha habari.

Alikuja kuelewa kosa lake huko mtaa wa Observatory, mwezi wa nane, alipokwenda kutundika mapazia kwenye nyumba moja ya mlimani. Nje kukavu, nyasi zote kahawia, mvua bado haijanyesha. Akafungua dirisha, harufu ikamwingia puani. Chini ya dirisha frizia zimefunguka, za manjano, nyeupe na zambarau. Akamwuliza mwenye nyumba yale maua yamepandwa lini. Akaambiwa mwezi wa nne, majani yalipokuwa yanaanguka. Ua la frizia linatoka kwenye kitunguu kidogo, na kitunguu hicho kinataka kukaa ardhini baridi yote. Ukingoja mvua umeshachelewa. Mama Ariane alirudi nyumbani amejinunia mwenyewe.

Mwaka wa pili alipanda kwa wakati. Mwezi wa nne, sawasawa. Lakini aliliogopa jua, kwa jinsi lilivyomfanyia mwaka uliopita, akaziweka ndoo kwenye korido ya nyuma, upande wa kusini. Eish. Kwetu jua linapita utosini, nani anauliza kusini ni wapi? Hapa wakati wa baridi jua linatembea upande wa kaskazini, na korido ya kusini haliioni hata kwa bahati mbaya. Majani yakarefuka, yakapauka, yakaanguka. Ua halikutoka hata moja.

Mwaka wa tatu akazihamishia balkoni, upande wa kaskazini, akazipanga juu ya ukuta wa balkoni zipate jua lote. Zikafanya vichwa vya maua. Alinipigia simu kwa furaha, anaongea Kirundi na Kifaransa na Kiswahili kwa mkupuo mmoja. Wiki ile ile wakapita watu wa jengo wakaamuru kila kilicho juu ya ukuta kishushwe. Ndoo ikianguka kutoka ghorofa ya nne inaua mtu, hilo nakubali. Lakini kazi ya kushusha alipewa Ruphin, mlinzi wa geti, Mkongomani wa Kalemie, mwenye mabega kama kabati. Ruphin akazishusha ndoo uani, akazipanga moja juu ya nyingine. Ndoo juu ya maua, jamani! Octave akakosa tena.

Mwaka huu, huu huu, Mama Ariane alikuwa hana tena kosa la kukosea. Alipanda mwezi wa nne. Balkoni ya kaskazini. Ndoo zote sakafuni, mbali na ukuta. Isipokuwa moja, ambayo aliiweka juu ya ukuta makusudi, kwa ubishi tu, ili Ruphin aione. Ruphin akaiona. Siku hiyo hiyo akaibeba mpaka kwenye kibanda chake getini, na hakuirudisha. Mama Ariane alipiga simu hapa kumshtaki hewani, ikabidi niweke muziki. Tangu hapo, kila asubuhi akienda kazini, alisimama getini kumgombeza kijana wa watu.

Ndoo nyingine zikajaa majani ya kijani, yamesimama wima. Mwanzoni mwa mwezi wa saba alinipigia simu, sauti imetulia kabisa. "Mwaka huu Octave anapata." Hiyo ndiyo simu yake ya mwisho. Wiki iliyofuata alilala na hakuamka. Daktari alisema ni moyo.

Akazikwa kaburi moja na mumewe. Na juu yake mkaweka nini? Maua ya plastiki. Nilisimama pale nikayaangalia.

Alibaki Ariane, binti yake wa pekee. Ariane amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila kukizungumza anaokoteza. Alisema pale makaburini, kwa Kiingereza chake, kwamba maua ya balkoni yatafunguka mwezi wa tisa, na yeye mwenyewe atayaleta, ya mama na ya baba. Kila mtu alisikia.

Sasa tufike kwenye hasira yangu.

Wiki ile ya msiba maji yalikatika Joubert Park. Jengo zima, bomba kavu. Na nyinyi mnajijua. Mtu wa kwetu haendi kwenye msiba mikono mitupu. Kule nyumbani unabeba kuni, unabeba maji, mfiwa asitoke nje. Hapa kuni hazina kazi, lakini maji yamekatika, basi mkapata la kufanya. Mkayabeba. Lifti imekufa, mkapanda ngazi na madumu kichwani mpaka ghorofa ya nne, akina mama wa Yeoville, vijana wa saluni, mafundi cherehani, kila mtu na dumu lake. Jambo zuri. Nasema wazi, lilikuwa jambo zuri, na machozi yalinilenga nilipoliona.

Lakini madumu yakajaa jikoni. Yakajaa bafuni. Yakajaa koridoni, watu wanapita kwa ubavu. Na nani atarudi nyumbani na dumu lake bado limejaa? Utadhani wafiwa wamekataa pole yako. Kwa hiyo kila aliyeaga alitafuta pa kumwaga maji yake kwa heshima, na kule balkoni kulikuwa na ndoo za maua ya marehemu. Mkamwagilia. Asubuhi mkamwagilia. Jioni wakaja wengine, nao wakamwagilia, na usiku barafu ikagandia juu yake. Kila mmoja alisema moyoni, maskini, maua ya mama yasife kwa kiu.

Na Ariane alikuwa wapi? Ariane alikuwa juu ya godoro, sebuleni, alikowekwa. Mfiwa hainuki, mfiwa hafanyi kazi. Aliwaambia wasimwagilie. Waliitikia, ndiyo mwanangu, ndiyo, wakampangusa uso. Alijaribu kusimama akaende mwenyewe, Mama Victorine wa kwaya akamshika bega na kumkalisha. Kila alipoinuka, alikalishwa. Binti alikuwa anasikia maji yakimiminika kule nje, na hakuna aliyemwachia aende.

Nilifika siku ya nne au ya tano. Nikatoka balkoni, nikatia kidole. Kilizama kama kwenye uji. Nikarudi ndani nikasema kwa sauti ambayo haifai msibani: jamani, mnayaua! Mama Victorine akanitazama kwa huruma. "Keti, mwanangu Ameir. Unywe chai." Na nyuma yangu mtu akapita na dumu.

Alipoweza kuinuka godoroni, Ariane alichimbua. Vitunguu vilikuwa vimeoza, vinavunjika vidoleni kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ndoo hii, ndoo ile, zote. Alinipigia simu kunieleza. Aliwaambieni, wasikilizaji wapendwa! Mama yake aliwaambieni humu humu, miaka yote ile, tia kidole kwanza.

Jumamosi iliyopita tulikwenda makaburini kumaliza matanga. Upepo, vumbi, robot zote, taa za barabarani, zimezima, teksi imechelewa. Ariane alikuwa mikono mitupu. Alitembea mbele yetu akiangalia chini, na nilijua anachokionea aibu. Aliahidi mbele ya watu.

Tulipofika tulimkuta Ruphin amekwisha tangulia. Amesimama kando ya kaburi na sare yake ya ulinzi, na mikononi ameshika ndoo ya rangi. Ile ndoo. Frizia zimefunguka, za manjano, shina limeinama kidogo kwa uzito wa maua. Hata kwenye vumbi lile, harufu ilitufikia kabla hatujamfikia yeye.

Ruphin akaanza kujieleza, na alikuwa kama mtu anayejitetea polisi. Alisema yeye hajui maua. Alisema mama alisimama pale getini kila asubuhi, anatia kidole kwenye ndoo, halafu anamwambia leo mwagilia, au leo acha. Yeye alikuwa anatii ili mama anyamaze. Mama alipofariki, akaendelea kutia kidole mwenyewe.

"Asubuhi bado namngojea aje kunigombeza," alisema. "Haji."

Akaiweka ndoo chini, katikati ya kaburi, akapiga hatua nyuma. Mimi bado sijamsamehe Ruphin kwa yale ya mwaka wa tatu. Lakini nilimpa mkono, na nilichelewa kuuachia.

Ariane alipiga magoti, akanusa, akalia kwa sauti mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Watu wakaanza kuimba. Na katikati ya wimbo, nani namwona akisogea mbele, machozi yanamtiririka, anafungua kizibo cha chupa ya maji? Mama Victorine. Huyo huyo! Nikafungua mdomo nimzuie.

Ariane alikuwa ameshamwona. Hakupiga kelele. Aliinuka, akamshika yule mama mkono kwa mikono miwili, akauchukua taratibu mpaka kwenye ndoo, akakiingiza kidole cha huyo mama udongoni. Kisha akakitoa, akamwonyesha. Udongo ulikuwa umekishika.

"Mama Victorine," alisema, kwa Kiswahili, tena kilichonyooka. "Ameshakunywa. Inatosha."

Mama Victorine alikiangalia kidole chake, akaiangalia balkoni nzima kichwani mwake, nadhani, dumu kwa dumu. Akaifunga chupa. Akakaa chini pale pale vumbini.

Ariane, mwanetu, pokea pole zetu. Poleni jamaa wote wa Octave na Médiatrice, walioko hapa na walioko Burundi. Mungu awaweke hao wawili mahali pazuri, pamoja. Mama Victorine, nawe pole, mama yangu. Najua ulipenda.

Na nyinyi wengine, tafakarini. Mwezi wa nne majani yataanza kupukutika, na simu ya Mama Ariane haitalia hapa studio. Nitaiangalia tu. Siku hiyo msinipigie kunipa pole. Tafuteni ndoo, itoboeni, iwekeni kwenye jua la kaskazini, mpande. Na kabla hujamwaga hilo dumu lako, tia kidole kwanza.