Usisafishe Nyumba, Noreen Anakuja
Na Alistair Pym, meza ya pili kutoka dirishani

Ijumaa tarehe 27 Machi 2026, saa kumi alasiri, Bi. Noreen Birtwhistle atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yetu ya Harthwaite. Droo hiyo haifungiki vizuri tangu mwaka 2009, kwa hiyo tumepanga sherehe ianze saa kumi na nusu.

Alianza mwaka 1995 kwenye simu za mapokezi. Wakubwa wakagundua kwamba mtu akipiga kuulizia kiti cha magurudumu cha mama yake, anamaliza kwa kumweleza Noreen jinsi mgongo wake mwenyewe unavyomuuma. Mwaka 2001 wakamleta kwenye kitengo chetu, kinachotathmini mahitaji ya watu wanaouguza jamaa zao nyumbani bila mshahara: mke anayemwogesha mumewe, binti anayemlisha baba yake. Sheria inampa mtu huyo haki ya kuulizwa hali yake yeye, hata kama mgonjwa amekataa msaada wowote. Wengi hawaijui haki hiyo, na wanaoijua wanaona haya kuidai. "Mimi sina shida, wapo walio hoi kuliko mimi," ndiyo kauli tunayoisikia kila siku.

Nimekaa naye meza moja tangu mwaka 2003. Tumegombania dirisha miaka yote hiyo, yeye akitaka liwe wazi hata theluji ikianguka, na sijashinda hata mara moja. Anamwita kila mtu "mpenzi," kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi, na mkurugenzi mmoja aliyelalamika aliitwa "mpenzi wangu" mpaka alipohama.

Sasa nifike kwa Bw. Wilfred Ackroyd, dereva wa basi mstaafu. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike habari zake, akasisitiza jina lake lisikosewe. Mwaka 2004 alikuwa akimuuguza mkewe, Bi. Edna, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Barua yetu ilipomfikia na neno "tathmini" ndani yake, mzee alielewa kwamba mtu anakuja kumtahini, na kwamba akifeli, Edna atachukuliwa apelekwe kwenye nyumba ya wazee.

Basi akajiandaa kwa mtihani. Alipaka geti rangi mpya. Alivaa tai. Alioka keki ya tangawizi. Alimbeba Edna kutoka ghorofani, akamketisha dirishani nywele zimechanwa vizuri, kisha akamhudumia Noreen chai saa nzima bila kukaa chini. Noreen akarudi ofisini akaandika: "Anamudu vizuri sana. Hahitaji msaada." Na keki akaisifia humo humo kwenye fomu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki tano baadaye Wilfred alianguka kwenye ngazi, Edna mikononi. Edna aliponea chupuchupu, lakini nyonga ya mzee ilivunjika. Yeye akalazwa hospitali, na Edna, kwa kukosa wa kumtazama, akapelekwa kule kule kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akikuogopa mumewe. Hakuna aliyejua kama atarudi.

Noreen alikwenda kumwona Wilfred hospitalini. Mzee akamtazama kutoka kitandani, akamwambia, "Samahani sana mama, nimekusumbua. Lakini si nilikuwa nimefaulu?"

Siku hiyo nilimkuta Noreen kwenye stoo ya karatasi akilia. "Alistair, yule baba alisimama saa nzima," akaniambia, "na mimi nikasifia keki." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi ofisini tulikuwa tumeuandika hivyo na kuugonga muhuri.

Kesho yake akarudi wodini na chupa yake ya chai na fomu mpya. Alimmiminia Wilfred kikombe, akamwuliza analalaje, mgongo ukoje, akiugua yeye ni nani anayemshika Edna. "Mimi niko sawa tu," mzee akajibu. Noreen akamwongeza chai, akamwuliza tena. Mara ya tatu mzee akamweleza habari za tarumbeta yake, iliyokuwa chini ya kitanda miaka minne bila kuguswa. Bendi aliyokuwa akipiga nayo ilikuwa ikifanya mazoezi kila Alhamisi, na Alhamisi hakukuwa na mtu wa kukaa na Edna.

Kilichofuata ni vikao. Noreen alikubali mbele ya wakubwa kwamba kosa ni lake, kisha akakataa kutoka chumbani mpaka lirekebishwe. Akapata kitanda cha Edna cha kuwekwa ghorofa ya chini, mhudumu wa asubuhi na wa jioni, na mtu wa kukaa naye kwa muda wa saa tatu kila Alhamisi. Baada ya wiki tisa Edna alirudi nyumbani. Aliishi humo miaka kumi na moja zaidi, na akafia kwenye kitanda chake, mumewe akiwa karibu naye.

Tangu hapo Noreen hakukubali tena kuhudumiwa na mtu aliyekwenda kumtathmini. Anafika na chupa yake, anauliza vikombe viko wapi, anasema, "Hapa hakuna anayefaulu, mpenzi. Kaa chini." Barua yetu nayo aliiandika upya: "Nakuja tuzungumze juu yako. Tafadhali usisafishe nyumba." Wapo waliosafisha vilevile. Mama mmoja alisafisha nyumba nzima, kisha akatawanya magazeti sebuleni ili asionekane mkaidi.

Wiki iliyopita tulimgeuzia kibao. Tulimkalisha, tukamsomea maswali ya fomu yake. Unalala vizuri? Ni jambo gani unalolipenda uliloliacha? "Mimi niko sawa tu, mpenzi," akajibu, akainuka. "Nani anataka chai?"

Tumeandika jibu hilo, na kama alivyotufundisha, hatukuliamini.

Kwa hiyo Ijumaa birika litakuwa mikononi mwa Bw. Wilfred, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye ametangaza kwamba atakayemruhusu Noreen kukaribia jiko atajibu kwake. Bendi itapiga, tarumbeta ikiwemo. Keki ya tangawizi ipo, na safari hii inaruhusiwa kusifiwa.

Bi. Noreen, kwa niaba ya ofisi nzima na nyumba zote ulizobisha hodi, asante. Tunakutakia maisha mema, usingizi wa kutosha na dirisha lako mwenyewe la kufungua upendavyo. Na kama utataka kuinuka kutuhudumia, tutakuambia: hapa hakuna anayefaulu, mpenzi. Kaa chini, chai inakuja.