Mzee Swaib na Swali Alilowauliza Wafiwa

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Swaib Abdulatif atarudisha funguo za mochari baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitatu. Tangu jarida hili la wafanyakazi lianze, tumewaaga humu madaktari, wauguzi, hata wapishi wa jikoni. Hatujawahi kumuaga mtu wa mochari. Wengi waliopelekwa kule waliomba uhamisho kabla ya mwaka kuisha, na hakuna aliyewalaumu.

Mzee Swaib ni mzaliwa wa Meru mjini, mtoto wa nne wa marehemu Abdulatif, aliyekuwa na bucha karibu na soko la Gakoromone. Aliajiriwa Machi 1993 kuwa mfagiaji. Mwezi uliofuata mhudumu wa mochari alienda likizo asirudi, na Swaib akaambiwa ashikilie kazi hiyo kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo zinazokwisha mwezi huu.

Kazi hiyo ilimpunguzia marafiki. Watu wa mtaani walisita kumpa mkono. Katika arusi alijikuta ameachiwa peke yake sinia la pilau lililoandaliwa watu wanne, naye alilimaliza bila kinyongo. Alisema hayo ndiyo marupurupu pekee ya kazini ambayo hakuyaandikia barua.

Mimi nilifika hospitalini mwaka 2004 nikiwa karani wa kumbukumbu, na meza yangu ikawekwa kwenye chumba kidogo mbele ya mochari. Siku ya kwanza nilikuta benchi ndefu nje ya mlango, na juu yake Mzee Swaib ameketi na familia ya watu watano, anawasikiliza. Nilidhani ni jamaa zake. Walikuwa watu asiowajua, waliokuja kumtambua ndugu yao.

Desturi hiyo aliianza mwaka 1997, na aliyemfundisha ni mama mmoja wa Siakago aitwaye Muthoni. Mwanawe wa miaka saba alikufa wodini kwa malaria. Mama alitakiwa aingie amtambue mtoto ili karatasi ziandikwe, lakini kila alipofika mlangoni miguu ilimkatalia. Alirudi kuketi mara nne. Swaib hakujua la kufanya, akaketi kando yake.

“Mtoto alikuwa anapenda nini?” akamuuliza.

“Unataka nikuambie nini, baba? Mtoto amekufa.”

“Najua. Mimi ndiye nitamwosha. Sijui naosha nani.”

 Muthoni akaanza kusimulia jinsi mwanawe alivyowapa mbuzi wote majina ya walimu wake, na siku mwalimu mkuu alipopita njiani akamsikia mtoto akimwita mbuzi mkaidi kwa jina lake. Mama alicheka, kisha kicheko kikamgeuka kilio, akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alipomaliza alisimama akaingia. Swaib alipomwosha mtoto yule, kama alivyonisimulia mwenyewe, alimwosha akimjua.

Tangu siku hiyo hakumfungulia mfiwa mlango kabla ya kumuuliza: huyu tunayemtafuta alikuwa nani? Asiyetaka kusema hakulazimishwa. Lakini wengi walitaka. Karatasi zetu huandika “mwanamume, umri takriban miaka hamsini”, basi. Pale kwenye benchi mtu huyo alirudishiwa utani wake, ubishi wake, deni la maziwa alilolikana na jinsi alivyokuwa akikohoa kanisani ili mhubiri amalize. Nimesikia wajane wakimsuta marehemu mbele ya Mzee Swaib, naye akiitikia kwa kichwa.

Nisiseme hadithi ziliwaponya. Nimeona waliosimulia vizuri sana na bado wakaanguka walipofunuliwa uso. Niliwahi kumuuliza kama kweli inasaidia. Alijibu, “Mzigo haupungui, Angeline. Lakini mtu anapata mahali pa kuushika.”

Sasa nifike mwaka 2009. Nimeambiwa kwamba wasifu wa mstaafu hauhitaji mambo haya, lakini bila hayo sitakuwa nimemweleza Mzee Swaib.

Mwaka huo tulipata msimamizi mpya, mtu wa kazi safi na saa. Aliona foleni mbele ya mochari, akauliza kwa nini utambuzi unachukua saa nzima. Alipoelezwa, alimwandikia Mzee Swaib barua ya onyo. Benchi ikapelekwa stoo. Utambuzi ukawa wa dakika kumi: mfiwa anaingia, anatazama, anatoka, anasaini.

Wiki ya tatu baada ya barua ile waliletwa wanaume wawili, wote wazee, wote wamegongwa na magari barabarani, hakuna aliyekuwa na kitambulisho. Nyuso zao zilikuwa zimeharibika. Familia moja ilikuja kutoka Kibirichia ikimtafuta baba yao. Waliingia, wakaona koti la kahawia kama lake, mwana mkubwa akasema ni huyu. Mzee Swaib alinitazama. Nilikuwa nimeshika fomu, na msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Fomu ile nilisaini mimi. Walimchukua wakaenda kumzika.

Siku mbili baada ya mazishi alifika kijana wa Siakago, Njoka, akimtafuta babake. Msimamizi hakuwepo siku hiyo. Mzee Swaib alimketisha kwenye kiti changu akamuuliza swali lake. Njoka akasema babake alikuwa mtu wa kujisifu, kwamba mashine ya kukatia ng'ombe nyasi ilimla vidole viwili vya mkono wa kushoto, naye akawaambia watoto wote wa kijiji vililiwa na chui.

Mzee Swaib aliinuka akaenda ndani. Aliporudi hakuketi.

“Angeline,” akaniambia, “aliyebaki ana vidole vyote. Yule aliyepelekwa Kibirichia ndiye alikuwa hana.””

Alikwenda Kibirichia mwenyewe, nami nikaenda naye, kwa kuwa nisingeweza kubaki. Tulimkuta mjane amezungukwa na wanawake wa kanisa, maua ya kaburi hayajanyauka. Mzee Swaib hakuanza kwa kueleza. Aliuliza mumewe alikuwa nani. Mama akasema alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, miaka ishirini na saba, hata vidole vya kushoto vilikuwa vimeota sugu kwa nyuzi. Nilisikia maneno hayo nikatamani ardhi inimeze. Yangesemwa kwenye benchi wiki ile, mzee wa Siakago asingetoka mochari na watu wasio wake.

Ndipo Mzee Swaib akamwambia ukweli.

“Kwa hivyo nimemlilia mzee wa wenyewe,” mama akasema.

“Hapana, mama,” Mzee Swaib akamjibu. “Ulimlilia mzee wako. Kaburi ndilo lilikuwa la mwingine.”

Ilibidi kupatikane amri ya mahakama ndipo kaburi lifunguliwe. Familia mbili zilisimama pale shambani pembeni mwa viazi, na watu walikuwa na hasira, wengine wameshika fimbo. Mzee Swaib alisimama kati yao. Hakuomba msamaha kwa niaba ya msimamizi wala hakumtaja. Alimwomba Njoka awasimulie wenyeji habari za chui. Njoka alisita, akasimulia kwa sauti ya chini. Kisha mjane akasimulia habari za gitaa. Fimbo hazikuinuliwa. Mjane aliagiza wanawake wawili wamsindikize mzee wa Siakago hadi kwao, akisema mtu aliyelala nyumbani kwake siku zote hizo hawezi kuondoka bila kusindikizwa.

Hakuna barua iliyoandikwa kufuta onyo. Siku moja tulikuta tu benchi imerudishwa mahali pake. Mimi niliongeza mstari kwenye fomu yetu ya utambuzi: “Tuelezeeni marehemu alikuwa nani.” Mstari huo upo mpaka leo na umeshagundua makosa mengine mawili kabla hayajatoka mlangoni. Hayo ni mafanikio ya Mzee Swaib, hata kama jina lake haliko kwenye fomu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini yeye mwenyewe aliposoma rasimu aliniambia nisimfiche Safiya.

Safiya alikuwa bintiye wa mwisho, mwalimu wa chekechea huko Maua. Mwezi wa tatu mwaka 2021, saa nne asubuhi, gari la polisi lilileta watu watatu wa ajali ya barabarani. Mzee Swaib alifungua mlango wa nyuma kama alivyofanya maelfu ya mara. Alitambua mtandio. Alifunga mlango tena polepole, akaenda kuketi kwenye benchi ya wafiwa.

Niliketi kando yake. Nilifikiri najua la kufanya, kwani nilikuwa nimemwona akilifanya miaka kumi na saba. Nikamuuliza Safiya alikuwa nani.

“Usiniulize,” alisema. “Tafadhali, usiniulize.”

Mkewe, Mama Kibibi, alikuja na dada zake, wakamwosha binti yao, naye akazikwa jioni ileile baada ya swala ya alasiri. Wiki mbili baadaye Mzee Swaib alirudi kazini. Alifanya kila kitu sawasawa, ila hakumuuliza mtu yeyote swali lake. Familia zilikaa kwenye benchi kimya, zikaingia kimya. Mimi ndiye niliyejaza mstari wa fomu, na nilijaza vibaya. Mama Kibibi aliniambia kwamba nyumbani jina la binti yao lilikuwa halitajwi; picha yake iligeuzwa ikatazama ukuta. Iliendelea hivyo miezi mitano.

Kisha akaja mzee mmoja mkulima aliyefiwa na binti. Hakungoja kuulizwa. Alikaa kwenye benchi akaanza tu kusema, kama anazungumza na ukuta, kwamba bintiye alikuwa na sauti mbaya sana, kwamba akiimba mbwa wa jirani wanaondoka, na kwamba alikuwa amemkataza kuimba wiki moja kabla hajafa. Alirudia hilo la kumkataza mara tatu.

Mzee Swaib alikuwa amesimama mlangoni na funguo. Akaja akaketi.

“Wangu alikuwa anaunguza chapati,” alisema. “Kila siku. Anasoma kitabu na mkono mwingine anageuza. Mimi nilikuwa nazikataa. Nilikuwa namwambia apelekee kuku.”

“Zilikuwa mbaya?” mkulima akauliza.

“Zilikuwa nyeusi. Sasa ningezila.”

Niliacha kuandika. Wale wazee wawili walikaa pale karibu saa nzima, na hakuna msimamizi aliyewauliza chochote. Kesho yake swali lilirudi. Mzee Swaib hakupona. Mpaka leo hafungui gari lililoleta maiti wa ajali kutoka upande wa Maua, hufungua dereva wetu Kithinji. Lakini picha ya Safiya imegeuzwa, inatazama watu.

Lipo jambo moja ambalo wengi wenu hamlijui. Kuna marehemu wasiokuja kutafutwa na mtu. Mahakama ikisharuhusu, hospitali huwazika pamoja kwenye makaburi ya umma. Kwa watu hao hakuna wa kuketi kwenye benchi, hivyo Mzee Swaib aliwatungia hadithi mwenyewe, kwa yale tu aliyoyaona mwilini na nguoni. Hakuwapa uchifu wala utajiri. Kuhusu mwenye visigino vilivyopasuka alisema alitembea sana, na kuhusu mwenye kiraka kilichoshonwa vizuri alisema kuna mtu aliyempenda, au alijua kutumia sindano.

Mwezi uliopita tulizika kumi na mmoja, mazishi yake ya mwisho akiwa kazini. Alitugawia marehemu, kila mfanyakazi mmoja, tuseme neno. Mimi nilipewa mwanamke wa miaka kama sabini. Nilisoma karatasi yangu, sikuona kitu, nikasema sijui. Mzee Swaib akaniambia niangalie pale nilipoandika mwenyewe: ngozi ya paja la kulia ni ngumu na inang'aa. Mamangu ni Mmbeere, na kwao wanawake husuka vikapu vya kiondo. Nilijua mara moja ngozi hiyo hutokana na nini. Nikasema, huyu alisokota mkonge juu ya paja lake miaka mingi, alisuka vyondo. Kuna mwanamke mahali fulani, leo hii, anatoka sokoni na kiondo chake begani, na hajui aliyekisuka amekufa. Kithinji alivua kofia. Tukamteremsha.

Mzee Swaib, kwa niaba ya wenzako, na kwa niaba ya wote waliopita kwenye benchi ile bila kupata nafasi ya kukushukuru, asante. Pumzika na Mama Kibibi. Mungu akupe miaka mirefu yenye asubuhi tulivu, na watu wa kukuuliza wewe ulikuwa nani ukiwa bado upo wa kuwajibu.

Angeline Kawira
Karani wa Kumbukumbu