Nyumba Arobaini na Moja za Marehemu Maeng Gwang-ho

Ndugu, majirani na nyote mliopanda kilima hiki chenye barafu kuja kulia nasi, naomba niwasomee safari ya baba mkwe wangu, Maeng Gwang-ho, ingawa mwenyewe angesema karatasi moja inatosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 kijijini Solgol, mkoani Gangwon, mtoto wa tatu wa mchoma mkaa, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari mjini Wonju mwaka 1970, akatumikia jeshi, na tarehe 1 Aprili 1975 akaajiriwa karani wa tarafa. Mwaka 1978 alimwoa Eom Myeong-suk, wakajaliwa mabinti wawili, Se-yeon na mke wangu Ju-ran.

Novemba 1998 iliamuliwa huko juu kwamba wazee wanaoishi peke yao wafungiwe boila mpya za kupasha sakafu joto, akatumwa yeye kuhakiki, akapita mchana nyumba kwa nyumba, akakuta milango imefungwa na sakafu za baridi, akaandika "haikaliwi" kwa nyumba arobaini na moja, na wakubwa wakamsifu kwa kazi safi. Januari, Bibi Bang Sun-deok, aliyemjua tangu hajaota meno, akamwita kwenye ukumbi wa kijiji, ambako wazee wote walikuwa wamejazana kama kila msimu wa baridi, wakibana matumizi ya mafuta ya kupasha nyumba zao joto, akamwambia, "Gwang-ho mwanangu, umetuzika tungali hai, haya keti ule, marehemu wamekupikia." Ukumbi mzima ulicheka.

Aliandika barua ya kukiri kosa, nusura afukuzwe kazi, akahamishia meza yake ukumbini, wazee wakajiandikisha baada ya chakula cha mchana, na nyumba zote zikapata joto kabla ya Mwaka Mpya wa jadi. Tangu hapo hadi alipostaafu, tarehe 30 Juni 2011, kila karani mpya aliyemletea agizo, yeye alimuuliza kwanza, "Huyo mtu, saa hizi yuko wapi?"

Oktoba 2022 aligundulika ana saratani ya mapafu, na tarehe 9 Januari 2024 akafariki nyumbani, kama alivyoomba.

Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa tarafa, na akina mama wa ukumbini waliomletea uji kila siku, zaidi Bibi Bang, mwenye miaka tisini na sita, aliyepo hapa mbele, ambaye kila alipoingia alipitisha mkono chini ya godoro la mgonjwa lililotandikwa sakafuni, kabla hata ya kumsalimu.

Baba, imehakikiwa, sakafu ina joto. Pumzika.