Anselmo Lomba, Mchoraji wa Wavuvi wa Nyangumi

Mzee wetu Anselmo Duarte Lomba, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa New Bedford, Marekani. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Belmiro, mpakiaji mizigo bandarini, na marehemu Felismina, wote wa kisiwa cha Brava, Cape Verde.

Alisoma shule za mtaani kwetu hadi mwaka 1949. Kisha alitumika jeshini, ambako kazi yake ilikuwa kuandika vibao, na baadaye akasomea uchoraji Boston. Alihitimu mwaka 1956.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alichora matangazo ya biashara: viatu, makoti ya mvua, biskuti, samaki wa makopo. Hakuionea haya kazi hiyo. Alikuwa akisema biskuti ikichorwa vibaya hainunuliwi, na mchoraji hulala njaa. Sisi wanawe tulikatazwa kugusa biskuti za mezani mpaka amalize kuzichora. Zilikuwa zimeshakauka, tukazila hivyo hivyo.

Tarehe 15 Juni 1957 alifunga ndoa na mama yetu, Zulmira Pina. Babu yake Mama, Izidoro, alikuwa mrusha chusa, yule anayesimama mbele ya mashua kumchoma nyangumi. Baba hakuwahi kumwona ila kwenye picha ya ukutani.

Mwaka 1966 tajiri wa samaki wa makopo, mteja wake mkubwa, alimwagiza mchoro wa kuvua nyangumi wa kutundika ofisini. Baba aliwaketisha shemeji zake uani kwenye viti vya jikoni, wameshika mifagio kama makasia, ili awachore. Jirani yetu, Bi Tomásia, akawasemesha kutoka dirishani: "Mkimpata huyo nyangumi, mnibakizie mkia."

Mchoro ulipokamilika, mkia wa nyangumi ulikuwa umeinuka juu ya mashua, na mbele amesimama Izidoro, mweusi, chusa mkononi. Tajiri aliisifu bahari, akamsifu na nyangumi. Kisha akataka wavuvi wabadilishwe sura, wafanane na mababu zake weupe.

"Mababu zako walikuwa na meli, Bwana," Baba akamjibu. "Mashuani walikuwa hawa."

Akaubeba mchoro, akarudi nao nyumbani. Kazi za kampuni ile zikaishia hapo. Mama alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu.

"Babu umemwachia pua yake?"

"Nimemwachia."

"Basi njoo ule."

Akampakulia kachupa, mchemsho wetu wa mahindi na maharage. Kwa muda mrefu Baba aliandika vibao vya maduka, Mama akashona nguo za watu, mpaka wateja wengine walipopatikana. Mchoro ulitundikwa kwenye ukumbi wa parokia, na wengi wenu mlioko hapa mlipigia picha za harusi mbele yake.

Mwaka 2003 maradhi ya kutetemeka yalimshika mkono wa kulia. Alijifunza kuchora kwa kushoto, akawa anaicheka michoro yake mwenyewe, hadi nguvu zilipomwishia. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Februari 2009, Mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Zulmira, watoto wawili, Odete na Armindo, wajukuu watano, na shemeji yake, Tibúrcio.

Ulituweka mbele, Baba, ulipoambiwa utufute. Pumzika kwa amani.